Alama ya Fundi wa Vyombo

Chombo kinapoteremshwa majini Nungwi au Matondoni, jina linalopakwa ubavuni huchaguliwa na mwenye chombo. Fundi aliyelaza mkuku, akapachika mataruma na kusimamia ukalafati, habaki na alama yoyote isipokuwa midomoni mwa manahodha: "Hiki ni mkono wa fulani." Zamani hilo lilitosha, kwani mnunuzi alimjua fundi au alimjua anayemjua. Lakini hoteli inayoagiza mashua ya faiba kwa simu haikai barazani na manahodha.

Hapo ndipo alama ya biashara inapohitajika: neno, mchoro, au vyote viwili, vya kutofautisha kazi ya karakana moja na nyingine. Wengi huichanganya na jina la biashara. Cheti cha jina la biashara huitambulisha karakana serikalini, basi. Kulinda alama kuna rejesta yake, na ada yake.

Kuchagua alama ndiko kugumu. Msajili hukataa maneno yanayoitaja bidhaa yenyewe au kuisifu, kwa hiyo "Jahazi Imara" au "Ngalawa Bora" huenda yasifike mbali: kila mjenzi ana haki ya kuyasema. Majina ya mahali nayo hukwama, na ni haki, maana Lamu haiwezi kuwa mali ya karakana moja. Tanga la pembetatu limeshachorwa na nusu ya hoteli za pwani; jicho la omoni ni urithi wa wote. Kinachopita kwa urahisi zaidi ni neno la kubuni, au jina la ukoo lililochorwa kwa namna ya pekee.

Maombi hutaja daraja la bidhaa au huduma. Vyombo vya majini vimo katika daraja la 12, na kazi ya kuviunda na kuvikarabati kwa ajili ya wateja imo katika la 37. Karakana ndogo inayouza mashua zake yenyewe yaweza kuanza na la 12 peke yake.

Kinga ya alama ina mipaka kama shamba. Kenya husajili kupitia KIPI, Tanzania Bara kupitia BRELA, na Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Fundi wa Nungwi mwenye cheti cha Zanzibar tu hawezi kukitumia kumzuia mwigaji wa Bagamoyo, ingawa nchi ni moja. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwanza ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kenya humpa siku 60. Huko usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Tanzania Bara huanza na miaka 7, halafu 10 kila unapohuishwa.

Alama iliyosajiliwa sharti ionekane kwenye chombo. Rangi haifai, kwa kuwa chombo kikipandishwa pwani kwa matengenezo hupakwa upya, na alama huzikwa chini. Kwenye mbao, patasi huichonga upande wa ndani wa fashini, au hupigiliwa bamba la shaba. Kwenye faiba, huwekwa ndani ya kalibu ili itoke pamoja na bodi. Picha za kila chombo na stakabadhi zenye tarehe zihifadhiwe pia: Kenya, alama isiyotumika kwa miaka 5 mfululizo yaweza kuombewa kufutwa, na karakana inayotoa chombo kimoja kwa mwaka haina ushahidi mwingine mwingi wa kutoa.