Kanisa la Mbao la Petäjävesi



Kanisa la kale la Petäjävesi, nchini Ufini, lilijengwa kwa magogo ya msonobari kati ya mwaka 1763 na 1765. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi, na wanakijiji walianza ujenzi kabla kibali cha Stockholm hakijawafikia. Fundi wao mkuu alikuwa Jaakko Klemetinpoika Leppänen; mwaka 1821 mjukuu wake, Erkki, aliongeza mnara wa kengele. Waumini walifika kwa mashua, na wakati wa baridi walivuka juu ya barafu ya ziwa.

Mwaka 1879 usharika ulipata kanisa jipya, nalo la kale likaachwa. Mbao zisizotunzwa huoza upesi. Hata hivyo halikubomolewa, kwani makaburi yaliyolizunguka na mnara wake viliendelea kutumika; wafu, yumkini, ndio waliolilinda. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa sanaa kutoka Austria, Josef Strzygowski, alitambua thamani yake, na ukarabati ukafuata. Mwaka 1994 UNESCO ililiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Halina mfumo wa kupasha joto, hivyo ibada hufanyika humo majira ya joto tu.