Onyo Lisilotekelezwa Haliokoi Mpangaji



Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu zaidi ya 40. Wakuu wa Serikali walikuwa wamekwisha kuagiza libomolewe, kwa kuwa halikufaa kukaliwa. Hata hivyo, vyumba vyake viliendelea kupangishwa.

Onyo kwa mwenye nyumba peke yake, ndugu zangu, halizuii ukuta kuanguka. Mpangaji naye hana budi kuarifiwa, tarehe ya kuhama itajwe, pa kuhamia patafutwe, kisha mkaguzi arudi kuhakikisha. Wengi wetu ni wapangaji. Nyufa tunaziona kila siku. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Huruma hawakujenga ukuta, walizika.