Kujifunza Upya Ukubwani



Leo tunasema juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Si ile ya mtoto, bali ile kubwa apandayo mtu mzima ambaye miguu ingali na nguvu lakini mwili hauwezi tena kujishika sawa, labda kwa uzee au kwa kiharusi. Wengi hudhani haihitaji mafunzo, maana haianguki ovyo. Ajabu ni kwamba apataye taabu zaidi ni yule aliyepanda baiskeli ya kawaida miaka thelathini. Asiyepanda kamwe huweza kumtangulia.

Kwenye magurudumu mawili, ukianza kuanguka kushoto, wapindisha usukani kushoto kidogo na baiskeli yainuka. Mkono umekwisha kujifunza hayo, hauulizi kichwa tena. Lakini barabara zetu zimeinuka katikati, na ile ya magurudumu matatu huinama pamoja na barabara. Mpandaji ahisi anaanguka, mkono wageuza usukani upande ule ule, na huyo mtaroni! Tena kwenye kona hailali. Akikata kona mbio bila kuegemea ndani, gurudumu la nyuma la upande wa ndani huinuka juu. Basi apunguze mwendo mapema, aegemeze kifua ndani ya kona, na auache usukani ufanye kazi moja tu, ya kuelekeza.

Nyingine mnyororo huzungusha gurudumu moja tu la nyuma, nazo huvuta upande. Mwaka 1877 Mwingereza James Starley, wa Coventry, alitia katika baiskeli ya matatu gia za kugawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ndiyo difu tuionayo leo chini ya lori.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi wa baiskeli zamani, alikataa kujifunza mchana, watoto wasije wakamcheka. Tulimsindikiza jioni kwenye kiwanja cha mpira. Nikodemo naye, mwalimu mkubwa, alikuja usiku na maswali ya mwanafunzi, wala Bwana hakumrudisha kwa sababu ya giza. Siku ya nne mzee aliacha kushindana na usukani. Jumapili akaja kanisani mwenyewe, hakubebwa na wajukuu. Langoni alikwama, kwa kuwa nyuma yake baiskeli ile ni pana. Wazee wa kanisa wamekwisha kumwagiza fundi ang'oe nguzo moja.