Njia ya kinga kutoka Masako: maneno tuliyosema mbele ya wenye kusukuma

  Maneno haya tunayasema kwa wazee wetu wa Masako na wa Batiabongena, na kwa vijana wenzetu waliotoka mjini kwa kinga leo asubui. Tunayaandika pia kwa wenzetu wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga ambao hawakuweza kufika, wasome, na wao watoe neno lao.

Tuanze na ukweli. Mara ya kwanza tulikuja hapa na wazo la vijana wa mji. Kwenye simu tulikuwa tunaangalia watu wa inchi zingine wanaotembea na kinga kandokando ya bahari, siku na siku, wanalala njiani, wanapiga picha. Tukasema: na sisi tufanye safari yetu. Bahari hatuna. Tuko na Mto Kongo, tuko na Tshopo, tuko na barabara ya Buta. Tukachora ramani: Kisangani, Bengamisa, Banalia. Kilometa 128, mpaka pale mto Aruwimi unakata barabara. Na kwa mazoezi, kwanza tutapita barabara ya zamani ya Buta mpaka hapa Masako, kilometa kama 15. Tukaandika milima na miteremko, tukaona kazi imekwisha.

Baba mmoja wa hapa, ambaye anasukuma makala tangu miaka mingi, akaangalia ile ramani. Akauliza: "Milima mumeandika, ni vizuri. Bariyeri ziko wapi? Maji mutu anapata wapi? Na kama lori inakuja usiku, mutu anaingia wapi?" Hatukuwa na jibu. Tukarudi mjini na haya, na ndiyo maana leo tumerudi na daftari.

Wenzetu wa mji, tukumbuke sisi ni watoto wa kinga. Kisangani yote inajua neno toleka. Ni Lingala, maana yake "tupite". Mbele moto hazijajaa mjini, toleka ndiyo ilitupeleka masomoni, sokoni, na hospitali. Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, mto ulipofungwa na mashua za Kinshasa hazikufika tena, watu walisukuma kinga mamia ya kilometa katika pori ili mji upate chumvi, sabuni na chakula. Kisha moto zikachukua wasafiri. Lakini kinga haikufa. Iliacha kubeba watu, ikabaki inabeba mihogo, ndizi, mafuta ya mawese na makala. Chakula tunachokula mjini, sehemu kubwa imepita hapa juu ya magurudumu mawili.

Sasa musikie ile iliyotufikia. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye kusukuma, aligongwa na lori mbele ya jua kutoka. Kinga yake haikuwa na taa. Lori haikusimama. Wenzake walimwaga magunia yao pembeni, wakamlaza juu ya kinga, wakamsukuma mpaka kituo cha afya. Mguu umevunjika. Yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini mwaka huu watoto wake watakula nini?

Ni rahisi kusema: asitembee usiku. Sisi wenyewe tulisema hivyo. Lakini tulipouliza kwa nini anatoka saa tisa ya usiku, jibu lilikuwa wazi: wanunuzi wanafika sokoni asubui sana, na mutu anayechelewa anauza kwa bei ya kuomba. Basi kumwambia atembee mchana, na soko limebaki vile vile, ni kumwambia alale njaa.

Kwa hiyo tulikwenda kuongea na mama wauzaji. Tulipiga hesabu pamoja. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua linatoka karibu saa kumi na mbili na linaingia karibu saa kumi na mbili. Mutu mwenye mzigo anasukuma kama kilometa nne kwa saa. Akitoka Masako jua likitoka, anafika karibu na saa nne ya asubui. Mama kadhaa wamekubali kujaribu mwezi mmoja: mzigo wa saa nne watanunua kwa bei ya asubui, kama watu wanakuja kwa kikundi na siku zinajulikana. Si wote wamekubali. Tutaendelea kuongea.

Hii ndiyo njia salama tunayopendekeza, na munaweza kuikosoa.

Kwanza, kutembea kwa kikundi. Kinga tano au sita, mstari mmoja, upande wa kuume wa barabara. Wa mbele na wa nyuma wawe na taa. Wengine wafunge kitambaa cheupe nyuma ya mzigo. Gunia lisitoke kando kupita usukani.

Pili, kinga yenyewe. Breki mbili zinazokamata, na mpira wa akiba na pompi katika kila kikundi. Fundi watatu wa kikundi chetu watakuwa hapa Masako kila siku ya posa. Kazi ni bure, vipande tutachangia.

Tatu, daraja la Tshopo. Kila mutu anayetoka upande huu anapita pale, na pale ndipo lori, moto na watembea kwa miguu wanabanana. Tunaomba sheria moja kwetu wote: unashuka, unasukuma, hakuna kupita mwenzako.

Ine, maji na kivuli. Pori la Masako liliwekwa kuwa hifadhi tangu 1953, hektari 2105, na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanalisomea. Sisi tunalijua kwa namna nyingine: ukipita chini ya miti unapumua, ukitoka pahali miti imekatwa jua linakupiga kichwani. Hatukuja kuwahukumu wanaochoma makala. Sisi wa mji ndio tunaoyanunua. Lakini tuseme ukweli: tukimaliza miti, tumemaliza pia pahali pa kupumzika. Vituo vyetu vitakuwa pahali kivuli kingali.

Tano, bariyeri. Katiba ya 2006, kifungu cha 30, inasema kila mutu ana haki ya kutembea katika inchi. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi pasipo sheria. Basi mutu akikuomba feza barabarani, omba karatasi ya malipo. Asipokuwa nayo, usigombane naye ukiwa peke yako, na usitoe simu kumpiga picha. Kumbuka siku, saa, pahali na feza ngapi. Ukifika, tuambie. Tutaandika bila jina lako. Karatasi moja wataitupa. Mia mbili watazisoma, juu tutazipeleka wenyewe kwa gavana na kwa bunge la jimbo.

Wengine mjini wanatuuliza: mbona hamukuchagua upande wa Lubunga? Munajua ninyi wenyewe. Tangu 2023 ugomvi wa udongo kati ya Wambole na Walengola umemwaga damu kule na kukimbiza watu. Kuchora njia ya matembezi pahali watu wanakimbia nyumba zao ingekuwa haya. Siku amani itarudi, tutavuka mto na kuchora ile vilevile.

Na Banalia je? Hatujaiacha. Mutu asiye na mzigo mzito anaweza kuimaliza kwa siku tatu: ya kwanza kilometa 51 mpaka Bengamisa, kisha 77 zinazobaki tunazikata mara mbili. Hakuna kutembea usiku. Pahali pa kulala tutamuona chifu kwanza, kila mutu ajitambulishe. Tutakwenda katika miezi ya mvua kidogo, Januari au Februari. Lakini tumekubaliana kitu kimoja: hatutaondoka kwenda Banalia mbele ya kipande cha Masako kuwa salama. Hatutapita na taa zetu mpya mbele ya baba anayesukuma gizani.

Kwa viongozi wetu tunaomba vitu vitatu, na si vikubwa. Majani ya kando ya barabara yakatwe, ili mwenye kinga awe na pahali pa kuingia lori ikija. Alama ziwekwe mbele ya daraja. Na kila anayelipisha barabarani aonyeshe sheria inayomruhusu. Sheria ya barabara iko tangu 1978. Hatuombi mpya, tunaomba ile ifanye kazi.

Na sisi? Tutakuwa hapa. Juma ijayo kikundi cha kwanza kinaondoka Masako jua likitoka. Kumi kati yetu tutasukuma pamoja nanyi, na magunia, si mikono mitupu. Kijana wa mji anayesoma maneno haya, ulikula sombe jana usiku: njoo uone ilipikwa na makala ya nani. Leta taa moja, au mpira mmoja, au mabega yako.

Baba, ile ramani tumeirekebisha. Bariyeri tumeziandika. Maji tumeyaandika. Pahali pa kuingia lori ikija, bado ni pachache. Hapo ndipo kazi inaanza.

Toleka.