Miaka 25 ya Kwaya Yetu: Neno la Katibu



Tumeombwa tuseme jinsi kwaya hii ilivyodumu miaka 25. Mtuwie radhi tukianza na vijana ambao hawakuwa wa kwaya. Waliokuwa vyuoni mwaka 2012 wanalikumbuka kundi la Camp Mulla la Nairobi: Karun, Taio Tripper, Shappa Man, K'Cous na Mykie Tooni. Wimbo wao "Party Don't Stop" tuliusikia hata kwenye matatu za Kericho. Mwaka huo walitoa albamu, Funky Town, wakateuliwa kuwania tuzo za BET kule Marekani. Hawakushinda, Wizkid wa Nigeria na Sarkodie wa Ghana waligawana tuzo hiyo. Lakini kufika pale si mchezo. Kisha Karun, msichana pekee kati yao, akaenda Boston kusomea muziki katika chuo cha Berklee. Haikuchukua muda, kundi likasambaratika.

Sisi hatuoni kosa la binti kwenda shule. Ila sauti ya kike ilikuwa moja tu.

Nasi tuliponea hapo hapo. Mwaka tuliorekodi kanda ya kwanza, mwimbishaji wetu wa sauti ya kwanza alihamia Nakuru kufuata kazi, na pesa za kanda zikazua maneno. Waimbaji 9 wakaacha kuja. Jumapili mbili hatukusimama mbele, na kanisa lilikuwa kama siku ya matanga. Aliyetushika ni mama mmoja wa sauti ya pili, mchuma chai. Alituimbisha kituoni tukisubiri gari la kiwanda lije kuchukua majani. Noti hakuzijua, lakini sauti zote nne alikuwa nazo kichwani. Kati ya wale 9, 6 walirudi mmoja mmoja, wengine bila hata salamu, wakasimama tu mahali pao.

Septemba hii wasichana wetu 4 wa sauti ya kwanza wanaenda vyuoni. Tumefurahi, na tumeogopa pia, tusidanganyane. Mmoja wao ndiye huanzisha karibu nyimbo zetu zote. Ameanza kumfundisha mtoto wa Gredi ya 8, ambaye bado anatetemeka kiitikio kikipanda.

Wazazi, tunawaomba: mazoezi ni Jumamosi saa nane. Hata majani yakiwa mengi, waacheni waje.