Picha ya Mtu na Ruhusa Yake



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni picha ya mtu, jina lake, na nambari yake ya simu. Zamani mwenye duka aliyetaka kutangaza bidhaa alimwajiri mchoraji amchoree bango, na sura iliyoonekana katika bango hilo mara nyingi ilikuwa ya mtu asiyekuwako. Leo hana haja ya mchoraji. Ana simu mfukoni na wateja mlangoni; huwapiga picha wanaokula na wanaocheza, kisha huzitawanya mbele ya maelfu ya watu kabla walaji hawajanawa mikono. Je, aliyepigwa picha ana neno la kusema? Katika nchi ya Kenya sheria yajibu kwamba analo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na katika kifungu cha 46 yamlinda mnunuzi. Lakini katiba peke yake haimtozi mtu faini. Kwa hiyo ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, na mwaka uliofuata Bibi Immaculate Kassait aliapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa kuisimamia. Sheria hiyo yasema kwamba habari za mtu hazitumiwi kwa biashara isipokuwa yeye mwenyewe ametoa ruhusa iliyo wazi, au sheria nyingine imeruhusu. Habari za mtoto zahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Tena, na hili twalisisitiza, mzigo wa kuthibitisha kwamba ruhusa ilitolewa umewekwa juu ya mwenye kuitumia picha. Hatakiwi mteja kuthibitisha kwamba alikataa.

Wako waliodhani kwamba hayo yatabaki maandishi ya kabatini. Basi mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitangaza adhabu tatu pamoja. Mahali pamoja pa starehe palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja mtandaoni pasipo ruhusa yake. Shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila wazazi kukubali. Kampuni moja ya kukopesha fedha kwa simu ilitozwa shilingi 2,975,000, kwa kuwa ilichukua majina na nambari kutoka kwa watu wengine, ikawapelekea wenyewe vitisho.

Hilo la wakopeshaji lataka tulieleze zaidi, maana limewaumiza wengi. Mtu alikopa fedha kidogo, na katika kukopa akaruhusu, pengine bila kusoma, orodha yote ya majina katika simu yake ifunguliwe. Aliposhindwa kulipa, mkopeshaji hakumwendea yeye tu; alimpigia mkwewe, na bwana wake wa kazini, na hata fundi aliyemshonea nguo mara moja, akawaambia kwamba fulani ni mdeni. Aibu ikawa ndiyo rehani. Katika Machi 2022 zilitolewa kanuni chini ya Benki Kuu ya Kenya za kuwakataza wakopeshaji wa namna hiyo kutisha, kutukana, na kuwaendea watu waliomo katika simu ya mdeni ili kumfedhehesha. Deni halikufutwa, wala hatusemi lifutwe. Anayedaiwa na alipe. Lakini mkwe hakukopa kitu.

Twaja kwa waajiri. Mathalani karani wa mapokezi ana uso wa bashasha, na bwana wake ataka kuuchapa katika kalenda na mabango ya kampuni. Na amwulize kwanza. Wala haitoshi kupenyeza neno hilo katika mkataba wa kazi, kwa sababu sheria huangalia kama ruhusa ilitolewa kwa hiari, au kama ilifanywa sharti la mkataba hali haihitajiki kwa kazi yenyewe. Karani hupokea wageni vizuri hata asipokuwa katika kalenda. Tena aliyetoa ruhusa aweza kuiondoa wakati wowote, ingawa yaliyokwisha kufanywa kwa halali kabla ya hapo hayawi makosa.

Kuna jambo moja lisilotupendeza. Faini ya ofisi hiyo imewekewa kikomo: shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, yaani ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kampuni kubwa yaweza kulipa milioni tano na isikose usingizi. Twaona hapo sheria imewahurumia wasiohitaji huruma.

Jirani nao wamo katika njia hiyo. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2019, na ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, ilianza tarehe 1 Mei 2023.

Aliyedhulumiwa katika Kenya aweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Yafaa ahifadhi tangazo lenyewe kama lilivyoonekana, pamoja na tarehe, kwa maana picha hufutwa upesi mshtakiwa apatapo habari. Malalamiko hutakiwa kuamuliwa katika siku 90, na asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu. Mbali na faini, aliyeumizwa ana haki ya kulipwa fidia, na sheria yahesabu si hasara ya fedha tu bali na uchungu wa moyo pia.