Kamati za Shule na Swali Lisiloulizwa



Sisi walimu wa madrasa tumekuwa tukihudhuria, kwa kusikiliza tu, vikao vya kamati za shule za msingi katika vijiji vya pwani yetu, kutoka Mikindani kuelekea mlango wa Ruvuma. Mazungumzo karibu yote huishia kwenye mabati, saruji na choo. Choo hatukipingi, kwa binti aliyebaleghe ni sitara yake. Lakini ni kikao gani kilichouliza watoto wangapi wa darasa la tatu hawajui kusoma? Sisi tunawajua, kwani ndio hao wanaotujia alasiri na juzuu zao. Alif wanaitambua, herufi za Kiswahili zinawashinda.

Kikao hicho ni shura, wala si pambo. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, kamati zimekabidhiwa usimamizi wa fedha za shule, na wazazi ni wajumbe. Ada ya msingi ikafutwa. Mwaka 2016 ikafuata ya sekondari hadi kidato cha nne, na 2022 ya kidato cha tano na sita. Wako waliodhani kwamba na wajibu wa mzazi umefutwa! Msimu wa korosho ukifika madawati hubaki matupu, na mahudhurio hayamo katika ajenda.

Wazazi, kikao kijacho ombeni daftari la mahudhurio lisomwe kabla ya hesabu za saruji. Na akina mama wapewe nafasi ya kusema, maana wao ndio wanaojua nani alishinda mkorosho siku ya mtihani.